Mali bila Daftari: Kikuza Sauti cha Mtandao na Hatima ya Kanda Zetu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini sioni kundi linaloihitaji zaidi yetu sisi tunaojiita wanafunzi na walimu wa fasihi simulizi ya Kiswahili. Kwa miongo mingi tumekusanya nyimbo, tendi, ngano na maghani; tumezinasa kwenye kanda; tumeziandikia tasnifu; kisha kanda zenyewe tumezitia makabatini. Tasnifu zinasomeka hadi leo. Kanda hazisikiki.

Makala haya yanahusu chombo ambacho kwa mtazamo wa kwanza hakina uhusiano wowote na taaluma yetu, nacho ni kikuza sauti cha stereo chenye uwezo wa kupokea muziki kupitia mtandao. Hutangazwa kama pambo la sebule ya mtu mwenye nafasi. Hoja yangu ni kwamba chombo hiki kina milango miwili, mmoja unaoelekea nje na mwingine unaoelekea ndani. Dunia imevutiwa na ule wa nje. Idara zetu za Kiswahili zinapaswa kuufungua ule wa ndani, na kuufungua mapema, kabla kanda zilizosalia hazijawa plastiki tupu.

Suala la jina

Inafaa kwanza tukubaliane kuhusu istilahi, kwani mjadala usio na majina thabiti huishia katika mabishano. Mwombe mtu yeyote akuonyeshe kipaza sauti. Katika mkutano wa hadhara atakuonyesha kile anachokishika msemaji mbele ya mdomo. Msikitini au kanisani atakuonyesha kile kilichoangikwa juu ili watu wasikie. Fundi naye huenda akakuonyesha sanduku lililo katikati ya hivyo viwili. Neno moja limebebeshwa kazi tatu tofauti: kupokea sauti, kuikuza na kuitoa.

Hatuwezi kusingizia uchache wa maneno. Marehemu Sheikh Ahmed Nabhany, aliyetutoka mwaka 2017, alituonyesha kwa neno runinga kwamba hazina ya lahaja za pwani haijafika kikomo. Kinachokosekana ni nidhamu ya kugawa kazi. Katika makala haya basi, kinachopokea sauti ni maikrofoni, kinachoikuza ni kikuza sauti, na kinachoitoa ni spika, ijapokuwa neno hili la mwisho tunalishiriki na Bunge. Kitendo cha kupeleka muziki mfululizo kupitia mtandao bila kwanza kuhifadhi faili nzima nitakiita utiririshaji. Sitakiita mtiririko, kwa kuwa wanaarudhi walikwisha kulichukua neno hilo kwa shairi ambalo vina vyake havibadiliki kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho.

Chombo chenyewe

Tuchukue mfano mmoja wa hakika. Mwaka 2019 kampuni ya Marantz ilitoa kikuza sauti kiitwacho PM7000N. Kwa umbo ni sanduku la kawaida la stereo, lenye mikondo miwili, kulia na kushoto, kila mkondo ukiwa na nguvu ya wati 60 kwa spika za omu 8. Nyuma yake kuna tundu la kuunganishia mashine ya santuri, mfano wa zile santuri ambazo Siti binti Saad alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kwenda kuzirekodi. Kuna pia tundu la waya wa mtandao, na ndani mmewekwa kipokezi cha Wi-Fi. Hakikuwa cha kwanza cha aina yake. Kampuni ya Naim ya Uingereza iliuza chombo cha namna hiyo, NaimUniti, tangu mwaka 2009. Hata hivyo kinafaa kama kielelezo kwa kuwa kinakutanisha karne nzima ya sauti katika sanduku moja.

Utendakazi wake si wa miujiza. Sindano ya mashine ya santuri huzalisha umeme wa milivolti chache tu, ambao hauwezi kusukuma spika. Kazi ya kwanza ya kikuza sauti ni kuuchukua umeme huo mnyonge na kuutia nguvu bila kubadilisha umbo lake. Muziki unaotoka mtandaoni huja kwa namna nyingine, yaani ukiwa tarakimu. Katika kipimo cha diski za CD, zilizoanza kuuzwa mwaka 1982, sauti hupimwa mara 44,100 kwa kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Ndani ya chombo mna kigeuzi kinachozirudisha tarakimu hizo kuwa umeme unaopandashuka kama wimbi. Hapo awali mtu alihitaji vyombo vitatu: kompyuta, kigeuzi na kikuza sauti. Sasa vimekuwa kimoja.

Kwa nini hili ni suala la fasihi

Huenda msomaji akauliza: haya yanatuhusu nini sisi wa vina na mizani? Yanatuhusu kwa sababu matini ya fasihi simulizi ni sauti, wala si karatasi. Tunapoinukuu kwa maandishi huwa tumeifasiri tayari, na katika ufasiri huo kuna yanayopotea.

Zingatia Kimvita, lahaja iliyozaa nyimbo nyingi tunazozichambua. Msemaji wa Mombasa hutofautisha paa la nyumba na p'aa wa porini, kaa la moto na k'aa wa baharini, kwa pumzi ndogo inayoifuata konsonanti. Othografia sanifu haina alama ya pumzi hiyo. Mtunzi wa mafumbo anaweza kuichezea apendavyo, na mchambuzi anayetegemea karatasi asitambue kuwa kuna mchezo. Rekodi nzuri inaihifadhi. Lakini rekodi nzuri ikisikilizwa kupitia spika ya simu, iliyo ndogo kuliko shilingi, pumzi hiyo humezwa kwa urahisi na kelele za chumba. Ngoma ya vumi nayo, ambayo ngurumo yake nzito ndiyo inayoubeba mwendo wa wimbo, hutoweka kabisa, kwa kuwa spika ndogo haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kutoa sauti nene. Mwanafunzi husikia maneno na chapuo, akadhani ameusikia wimbo.

Stereo nayo ina manufaa yake. Mwingereza Alan Blumlein alipowasilisha ombi la hataza ya mfumo huu mwaka 1931, kusudi lake lilikuwa kumwezesha msikilizaji kutambua sauti inatoka upande gani. Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa kinadharia. Tunafundishwa kuwa fanani na hadhira huijenga kazi kwa pamoja, kwamba kiitikio si pambo bali ni sehemu ya muundo. Tamasha likirekodiwa kwa maikrofoni mbili na kusikilizwa kwa spika mbili zilizotenganishwa, unamsikia fanani alipo na waitikiaji walipo. Unasikia nani anadakiza, kutoka wapi, na wakati gani. Nadharia ya utendaji inapata ushahidi wa masikio.

Mlango wa nje

Sasa tuitazame hiyo milango. Mlango wa nje ndio unaosifiwa katika matangazo. Kupitia huo kikuza sauti huunganishwa na huduma za utiririshaji kama Spotify, iliyoingia rasmi Kenya mwaka 2021, na redio za intaneti. Sina ugomvi na mlango huu. Umempa kijana wa Kakamega nafasi ya kusikiliza taarabu ya Mombasa bila kusafiri. Ila tusiuchukulie kuwa makavazi, na nina sababu tatu.

Kwanza, mlango huo hutoa tu kile ambacho kuna mtu aliona faida kukiweka. Nyimbo za jando, mbolezi na kimai ulizorekodi nyanjani hazimo, wala hazitatiwa na yeyote kwa niaba yako.

Pili, huduma hizi humtanguliza mwimbaji na mara nyingi mtunzi wa maneno haonekani. Katika taarabu ya Mombasa kasoro hii si ndogo. Mengi ya mashairi aliyoyaimba marehemu Juma Bhalo yalitungwa na Ahmad Nassir, mtunzi wa Malenga wa Mvita. Mwanafunzi anayeutegemea mtandao pekee atamjua mwenye koo na kumkosa mwenye kalamu.

Tatu, mlango wa nje si wetu. Mwenyewe anaweza kuufunga siku yoyote. Mwaka 2019 kampuni ya Myspace ilikiri kwamba nyimbo zilizopakiwa kwake tangu mwaka 2003 hadi 2015 zilikuwa zimepotea wakati wa kuhamisha data. Vifaa vya Squeezebox, vilivyopendwa sana na wapenzi wa muziki wa mtandao, viliachwa na kampuni ya Logitech mwaka 2012, na mwaka 2024 huduma ya intaneti iliyovihudumia ikazimwa. Jambo la kufunza ni kwamba vifaa hivyo havikufa. Programu ya seva inayovilisha muziki kutoka kompyuta ya nyumbani ilikuwa huria, watumiaji wakaendelea kuitunza, na waliokuwa na faili zao wenyewe wakaendelea kusikiliza. Mlango wa nje ulifungwa, wa ndani ukabaki wazi.

Mlango wa ndani

Mlango wa ndani ni upi? Vikuza sauti vya aina hii huweza kuitafuta diski ya kuhifadhia iliyo katika jengo lilelile, vikaorodhesha yaliyomo na kuyacheza. Kanuni za mazungumzo hayo baina ya vyombo ziliasisiwa mwishoni mwa miaka ya tisini na kuenea baada ya mwaka 2003, na hazimilikiwi na huduma yoyote ya muziki. Panahitajika ruta moja, diski moja na waya. Intaneti haihitajiki kabisa. Saa moja ya utiririshaji wa kilobiti 320 kwa sekunde hula takribani megabaiti 144 za bando. Saa moja kupitia mlango wa ndani haili hata megabaiti moja.

Na diski hiyo iwe kubwa kiasi gani? Hesabu ni rahisi. Kanda ya dakika 60, ikihamishwa kwa kipimo cha CD bila kubanwa, huchukua takribani megabaiti 635. Kanda 1,000 za urefu huo hazifiki terabaiti moja. Hata tukipanda hadi kipimo wanachokipendelea wahifadhi wa sauti, sampuli 96,000 kwa sekunde zenye biti 24, kila saa huchukua takribani gigabaiti 2, na kanda 1,000 hutosha katika diski ya terabaiti 4 na nafasi ikasalia. Muundo wa faili wa FLAC, uliotolewa mwaka 2001 na ambao ni huria, hupunguza ukubwa huo bila kutupa hata tarakimu moja ya sauti. Hazina nzima ya idara yaweza kukaa katika kitu kinachoenea kiganjani.

Daftari

Hapa ndipo methali inapotudai deni. Kikuza sauti hakijui kinachocheza. Husoma lebo zilizoandikwa ndani ya faili: jina la wimbo, mwimbaji, mtunzi, mwaka. Lebo zikiwa tupu, kioo chake huonyesha kwamba msanii hajulikani, hata kama msanii huyo ni nyanya yako.

Nilipokuwa nikitayarisha pendekezo la utafiti wangu wa uzamili, niliomba kusikiliza kanda zilizonukuliwa katika tasnifu moja ya miaka ya themanini. Nilionyeshwa sanduku la kadibodi. Kanda zilikuwamo, zaidi ya ishirini, na karibu zote zilikuwa na nambari tu iliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Orodha ya kueleza nambari hizo haikuwapo, wala mashine ya kuzicheza. Walioimba humo yamkini wengi wao wamekwisha kuaga dunia. Maneno yao yamo katika kiambatisho cha tasnifu, yamepangwa vizuri kwa mishororo. Mahadhi yao hakuna anayeyajua.

Linganisha na kazi ya Hugh Tracey. Mtafiti huyu alirekodi muziki katika maeneo mbalimbali ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, akazipeleka rekodi Afrika Kusini, ambako mwaka 1954 aliasisi maktaba ya kimataifa ya muziki wa Kiafrika ambayo leo imo katika Chuo Kikuu cha Rhodes. Tunaweza kuhoji, na ni haki yetu kuhoji, kwa nini urithi wetu ulihifadhiwa maelfu ya kilomita kutoka kwetu. Lakini Tracey alitunza daftari. Katalogi yake ya mfululizo wa santuri 210, iliyochapishwa mwaka 1973, inaeleza nani aliimba, wapi, kwa ala gani na kwa lugha gani. Katika miaka ya 2010, maktaba hiyo iliposhirikiana na Ketebul Music ya Nairobi kuzirudisha nakala kwa jamii za Kenya, ni daftari hilo lililoonyesha njia ya kwenda. Swali linaloniumiza ni hili: mtu akitaka kuzirudisha kanda zetu kwa wenyewe miaka sitini ijayo, atamfuata nani?

Pingamizi

Zipo pingamizi zinazostahili majibu. Ya kwanza ni ya gharama. Chombo nilichokitaja kiliuzwa kwa takribani dola 1,000 kilipotoka, na idara nyingi hazina hata vitabu vya kutosha. Nakubali uzito wa hoja hii. Lakini chombo kimoja huhudumia darasa zima kwa miaka mingi, na palipo na kikuza sauti cha zamani kinachofanya kazi, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kigeuzi cha sauti yaweza kukipa uwezo huohuo kwa sehemu ndogo ya bei. Kilicho ghali ni saa za kuketi na kuhamisha kanda, nazo hizo sisi wanafunzi tunaweza kuzitoa.

Ya pili ni ya haki. Nani ametupa ruhusa? Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inamlinda mtunzi na mrekodi, na ipo sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni za jamii. Pingamizi hii, kwa maoni yangu, inautetea mlango wa ndani. Kuitupa mbolezi ya familia ya watu mtandaoni ili isikilizwe na kila mpita njia ni jambo zito. Kuiweka ndani ya kuta za maktaba, isikilizwe na mtafiti aliyejiandikisha, huku wenye wimbo wakijua ilipo na wakiwa na nakala yao, ni jambo jingine. Hata hivyo hili la pili nalo linahitaji idhini ya wenyewe, na idhini hiyo nayo iandikwe daftarini.

Ya tatu husemwa kwa mzaha: vijana husikiliza kwa simu, chumba cha kusikilizia ni cha nini? Nami nauliza: vijana husoma ujumbe mfupi kwa simu, je, tumefunga maktaba?

Hitimisho

Kwa heshima na taadhima kwa wahadhiri wetu, na kwa wanafunzi wenzangu, napendekeza mambo manne. Mosi, kila idara ihesabu kanda ilizonazo muhula huu, hata kama ni tatu. Pili, kanda zilizo katika hali mbaya zaidi zihamishwe kwanza, na zile za asili zisitupwe baada ya kuhamishwa. Tatu, kila faili iandikiwe jina la fanani, la mtunzi kama ni mwingine, mahali, tarehe, lahaja, utanzu na jina la aliyerekodi. Na yasiyotoshea katika lebo yaandikwe katika daftari la karatasi linalokaa kando ya diski. Nne, tasnifu ya fasihi simulizi isipokelewe bila sauti yake, kama vile isivyopokelewa bila marejeleo.

Hayo yakitimizwa, kikuza sauti kitakuwa na kitu cha kukikuza. Hodari wa kukuza hawezi kukuza kimya. Ukikinunua leo ukakiweka katika idara isiyo na daftari, kitakuchezea nyimbo za mji mwingine kwa ubora wa kupendeza, nawe utaketi ukisikiliza huku kanda za bibi zako zikiota ukungu katika chumba cha pili. Tuzitoe makabatini. Tuanze na zile ambazo wenyewe bado wako hai, ili watutajie majina kwa vinywa vyao.